Kipupwe cha Mau: gari likikwama kati ya Nakuru na Kisumu

Ikweta inapita Maseno, nje kidogo ya Kisumu, na inapita tena karibu na Timboroa, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Mstari ni mmoja. Lakini alasiri moja ukishuka garini Maseno utatafuta kivuli, na ukishuka Timboroa utatafuta sweta. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Timboroa imepita mita 2,700. Hewa hupoa kwa nyuzi sita na ushei kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya miji hiyo miwili kuna pengo la nyuzi kumi hivi. Usiku ambao Kisumu una nyuzi 18, kule juu unaweza kuwa na nyuzi nane, na hapo hatujahesabu upepo wala nguo zilizolowa.

Ndiyo maana mawaidha ya kuendesha gari wakati wa baridi, yanayoandikwa na watu wa nchi za theluji, hutufikia yakiwa nusu yake yanafaa na nusu hayafai. Wao wana majira: baridi huingia, wanabadilisha matairi, inapita, wanayarudisha ya zamani. Kwetu kipupwe hakisubiri Julai. Kipo mlimani mwaka mzima, na dereva aliyetoka Kondele, mjini Kisumu, saa nane mchana akiwa na fulana ya mikono mifupi anaweza kukikuta Mau Summit jioni hiyo hiyo, pamoja na ukungu, mvua na malori ya kwenda Uganda.

Hata barafu si ngeni sana. Kericho na Nandi Hills zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na wakulima wa chai wanaijua hasara yake vizuri kuliko watabiri wa hali ya hewa. Septemba 2008 wakazi wa Busara, karibu na Nyahururu, waliamka wakakuta kilima kimefunikwa weupe, wakakimbilia kuchezea kile walichokiita theluji. Mvua ya mawe ikitandaa kwenye lami, tairi huwa kama limekanyaga golori, na dereva ambaye hajawahi kuona barafu nje ya friji hana mazoea ya kujua afanye nini. La kufanya ni kupunguza mwendo bila kukanyaga breki kwa nguvu, kuwasha taa, na kutafuta mahali pa kuegesha hadi ipite. Kwa kawaida haidumu.

Ukiwauliza watu kuhusu maandalizi ya safari, wengi wataanza na injini: oili, maji, betri. Mimi ningeanza na gari ambalo tayari limesimama. Barabara ya Nakuru kupitia Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, na ile inayochepuka Mau Summit kwenda Londiani na Kericho, haina huruma kwa kitu kilichosimama. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia wachuuzi, abiria, matatu na bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengi wao walikuwa wamesimama tu stejini, wakiuza au wakingoja gari.

Kwa hiyo swali la kwanza gari linapoanza kukohoa si "imeharibika nini?" bali "nitasimama wapi?" Kama bado linasukumika au linajiburuta, lipeleke mbele hadi mahali tambarare palipo wazi, hata kama pancha itakula rimu. Rimu hununuliwa Nakuru. Usisimame kwenye kona, wala nyuma kidogo ya kilele cha mlima ambako anayekuja hakuoni mpaka amekufikia, wala chini ya mteremko mrefu, kwa sababu huko ndiko lori lisilo na breki huishia. Abiria washuke upande wa kushoto, wavuke mtaro, na wasimame mbali na lami, upande ule magari yanakotokea. Wengi hukimbilia mbele ya gari lao. Likigongwa kutoka nyuma, litasukumwa hapo hapo walipo.

Kisha pembetatu za kuakisi mwanga, zile ambazo madereva wengi wanaziita laifuseva. Sheria inazitaka, polisi wanaziulizia, na karibu kila gari linazo. Shida ni zinapowekwa: hatua kumi nyuma ya gari, kama mapambo. Hebu tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu, sekunde moja na nusu inapotea kabla mguu haujafika kwenye breki. Hizo ni mita 33. Lami ikiwa imelowa, gari dogo lenye matairi mazuri linahitaji mita nyingine 60 hivi ili lisimame. Jumla ni zaidi ya mita 90, na lori lenye shehena linateremka bado hatujaligusa. Pembetatu ya kwanza basi iende mita 100 nyuma au zaidi, kabla ya kona na si baada yake, na anayekwenda kuiweka atembee nje ya lami akiwa amevaa koti la kuakisi. Makoti hayo ya bodaboda hayagharimu pesa nyingi, lakini madereva wengi wa magari ya kibinafsi hawana hata moja.

Matawi ya miti tunayotupa barabarani ni desturi nzuri, na kila dereva wa Kenya anaelewa maana yake. Lakini tawi haliakisi taa, kwa hiyo ndani ya ukungu usiku litaonekana likiwa tayari chini ya bampa. Lisaidie pembetatu, lisichukue nafasi yake. Na mawe ya kuzuia magurudumu: tafadhali, ukiondoka yatoe. Jiwe moja lililoachwa kwenye lami Burnt Forest limeshapasulia mtu mwingine tairi kabla wewe hujafika Eldoret.

Sasa mko kando, salama, na fundi amesema anakuja. "Anakuja" ya fundi tunaijua. Saa mbili, tatu, labda usiku kucha kama mto umefunga njia. Hapo ndipo nguo zinapokuwa kifaa cha gari kama jeki. Blanketi, sweta, soksi kavu, kofia ya sufu na karatasi ya nailoni ya kujifunika mvua. Weka kwa idadi ya watu mnaosafiri, si ya dereva peke yake. Mtoto na mzee hupoa haraka. Nguo iliyolowa huvuta joto la mwili kuliko kukosa nguo ya pili, kwa hiyo anayerudi kutoka kubadilisha gurudumu abadilishe nguo kwanza, chai ifuate. Mtu akitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka huku bado kuna baridi na akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, hajapata nafuu. Amezidiwa, na anahitaji kupashwa joto taratibu na kupelekwa hospitali.

Yako mazoea mawili ya baridi ambayo huua kimyakimya. La kwanza ni kulala ndani ya gari likiwa linanguruma ili hita iendelee kufanya kazi. Nchi za theluji watu hufa hivyo kwa sababu theluji huziba egzosi. Kwetu tope la mtaroni linaweza kufanya kazi hiyo hiyo, na egzosi iliyotoboka chini ya sakafu haihitaji hata tope. La pili ni jiko la makaa ndani ya kebini ya lori. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na aliyelala hajui kwamba anakufa. Washa injini dakika kumi ukiwa macho, dirisha likiwa wazi kidogo, egzosi ikiwa haijazibwa, kisha zima. Jiko libaki nje.

Ndani ya buti, mbali na hayo, hakuhitajiki duka zima. Spea yenye upepo (wengi hawajaipima tangu wanunue gari), jeki, wili spana inayolingana na nati za gari lako, na kipande cha ubao mgumu, maana jeki kwenye tope huzama badala ya kuinua. Kamba ya kuvuta, nyaya za kuwashia betri, tochi ya kuvaa kichwani ili mikono ibaki huru, maji ya kunywa, njugu au biskuti, dawa za mtu anayezitumia kila siku, pawabenki iliyojaa na noti kidogo, kwa sababu mwenye brekidauni (gari la kuvuta magari yaliyoharibika) saa saba usiku anaweza kuwa hana mtandao wa kupokea M-Pesa. Jembe dogo au panga litakusaidia kama unapita barabara za udongo.

Tuje kwenye matairi, na hapa kuna jambo ambalo huwa silisikii likisemwa vya kutosha. Magari mengi tunayonunua hutoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi huja na matairi ya theluji ya huko. Mengine huuzwa peke yake kama mitumba. Yanavutia: vina vyake, yaani mifereji ya kukanyagia, ni virefu, na mpira wake ni laini. Ubavuni utasoma STUDLESS, au utaona alama ya mlima wenye kipande cha theluji ndani yake. Ni matairi bora kabisa, ila ni bora Hokkaido, kaskazini mwa Japani kwenye theluji. Mpira ule umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha, na umechanjwa mistari midogo midogo ili ushike barafu. Kwenye lami yenye joto, na hasa ikiwa imelowa, unajipinda, unashika kidogo kuliko tairi la kawaida, na unaisha upesi. Yaani tairi la "winta" ndilo la kuepuka katika kipupwe chetu. Hata juu Timboroa, lami haifiki baridi ambayo tairi hilo liliundiwa.

Tazama pia umri. Kila tairi lina tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ina maana wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye vina virefu lakini lililoundwa miaka kumi iliyopita limekauka. Kuhusu vina, ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Mpira ukilingana navyo, umebaki na milimita 1.6, kiwango ambacho Ulaya ni cha kulitupa. Kwa mvua za Kericho mimi singengoja hapo. Chini ya milimita tatu, uwezo wa kufukuza maji umeshuka sana, na tairi lenye upepo mdogo huanza kuelea juu ya maji kwa kasi ndogo zaidi kuliko lililojaa sawasawa. Kwenye barabara zinazopitwa na malori mazito, magurudumu yao huchimba mikondo miwili ya chini kwenye lami, na mikondo hiyo hushika maji muda mrefu baada ya mvua kuisha. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, gari linaelea. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na usikanyage breki hadi uhisi lami tena.

Breki zinastahili maneno zaidi ya yale ya "zikaguliwe". Kutoka Mau Summit kushuka hadi Salgaa, na kutoka Londiani kushuka kuelekea Muhoroni, kila mita unayoteremka inageuka joto, na joto hilo lina mahali pawili pa kwenda: kwenye injini au kwenye breki. Anayeweka gia huru ili kuokoa dizeli amelipeleka lote kwenye breki. Kuna wakati pedi huwa za moto kiasi kwamba hazishiki tena, hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205, na yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwa nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni. Kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili ni kazi ndogo gerejini, lakini hakuna fundi atakayekukumbusha kama hujamwuliza.

Dawa ya mteremko ni gia. Teremka kwa gia ambayo ungetumia kupanda mlima huo huo, na uiweke kabla ya kuanza kushuka. Wenye magari ya otomatiki hudhani shauri hili haliwahusu. Angalia kando ya D: kuna L, au 2, au S, au B. Herufi hizo kwenye Vitz na Probox si za urembo. Breki ikanyagwe kwa vipindi, kwa nguvu kidogo kisha iachwe ipoe, badala ya kulaliwa kilomita nzima. Ukinusa mpira au kitu kinachoungua, simama mahali palipo wazi na ungoje, na usimwagie maji diski za moto.

Upande wa kupanda nao una ujanja wake. Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kisumu ni nyuzi 96 hivi, Timboroa ni 91 hivi, joto ambalo injini nyingi huwa nalo zikiwa kazini kawaida. Kinachozuia rejeta isichemke ni kifuniko chake, kinachobana shinikizo ndani, pamoja na kulanti (maji yenye dawa ya kupozea injini). Mpira wa kifuniko ukichoka na ndani mkiwa na maji ya bomba matupu, gari ambalo halijawahi kulalamika Kisumu litachemka mlimani, likiwa limebeba watu saba na mizigo ya matanga. Kifuniko kipya ni bei ya chakula cha mchana. Gari likichemka, ngoja angalau nusu saa kabla ya kukifungua. Mvuke wa rejeta umechoma nyuso nyingi mno barabarani.

Ukungu, kwa ufupi kidogo. Taa za juu hurudishwa machoni pako na ukungu wenyewe, kwa hiyo tumia za chini, na zile za ukungu kama zipo. Fuata mstari wa kushoto wa barabara, si wa katikati, maana wa katikati anaufuata na anayekuja. Kioo kikijaa mvuke kwa ndani, washa eyasi (kiyoyozi) pamoja na hita na uzime kitufe cha kuzungusha hewa ile ile. Eyasi hukausha hewa, jambo ambalo kitambaa hakiwezi. Na kuhusu taa za hazadi, zile za dharura zinazomweka pande zote: nchi hii ina mazoea ya kuziwasha gari likiwa linakwenda, ati kwa usalama. Zinaficha ishara yako ya kukata kona, na zinamwambia aliye nyuma kwamba umesimama. Siku utakaposimama kweli, zitakuwa zimekosa maana.

Ukishuka chini hadi tambarare za Kano, baridi inaisha na maji yanaanza. Mvua iliyokunyeshea Nandi Hills mchana ndiyo inayofurisha mto Nyando na mito ya jirani saa chache baadaye, hata kama Ahero kuna jua. Sentimita 30 za maji yanayokwenda zinaweza kuinua gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, ya kubwakubwa yakiwemo. Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya lilijaribu kuvuka mto Enziu, kule Kitui, likazama watu wakitazama kutoka ukingoni; zaidi ya 30 walikufa. Urefu wa basi haukusaidia. Ukikuta watu wamepanga foleni wakingoja maji yapungue, zima injini ungoje nao. Na injini ikizima majini usiiwashe tena, kwa sababu maji yakiingia kwenye silinda huvunja vyuma.

Wasomaji wengi wa makala hii, najua, hawaendeshi, wanapanda matatu. Maandalizi yao ni mafupi lakini yapo. Funga mkanda hata kama mwenzako anakucheka. Leso au sweta iwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya keria. Gari likiharibika usiku, shuka na uvuke mtaro, usiendelee kusinzia kitini ukingoja makanika. Na dereva anayeshuka Sachangwan kwa gia huru huambiwa: "Dere, pole pole, tuna watoto." Abiria wawili wakisema, wengine kumi huunga mkono.

Neno moja kuhusu Sachangwan hiyo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka hapo, watu wakaja na madebe, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakafa. Ukikuta lori la mafuta limelala, geuza gari mbali, usivute sigara, usiwashe injini iliyo karibu na harufu, na uende upande unakotoka upepo.

Simu za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea 1199 bila malipo. Anayepokea atauliza uko wapi, na "baada ya Kericho" haimsaidii. Kila kilomita chache soma bango: jina la shule, la steji, la daraja, na kumbuka uko upande wa kwenda wapi. Pale ambapo mtandao unakatika, kama kwenye baadhi ya mabonde yenye misitu, tuma ujumbe mfupi badala ya kupiga. Hupenya kwa mawimbi dhaifu ambayo hayawezi kubeba sauti. Simu yenyewe iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani betri hupoteza nguvu ikipoa.